Mkeka Ulikuwa Mkavu

Nilimwambia mwenye nyumba apige magoti anuse.

Alidhani natania. Alikuwa amesimama sebuleni kwangu na viatu vyake vya kanisani, funguo za gari mkononi, akionyesha kwa kidole doa jeusi lililopanda ukutani nyuma ya kiti cha mtoto. Chini ya doa, plinti ilikuwa imevimba na kutoka nje kama tumbo. Plinti ndiyo ule ubao mwembamba unaozunguka chumba pale ukuta unapokutana na sakafu. Ya kwangu ilipakwa rangi nyeusi ya mafuta ili uchafu usionekane, na rangi ilikuwa imeanza kubanduka vipande vipande.

Nilikuwa namwita aje aone tangu mvua za kwanza. Kila mara alikuwa Kigali, au yuko Goma, au yuko harusini. Siku aliyokuja hakuugusa ukuta. Aliutazama kwa mbali, akamtazama mwanangu Ganza, ambaye hata chekechea alikuwa ndiyo kwanza anaanza, akacheka.

"Mama Ganza, hii haiko maji. Ni kijana wako. Batoto banaume njo vile. Anaona ukuta, anakojoa."

"Mutoto wangu anaendaka choo."

"Mchana uko kazini. Unajua nini?" Kisha akainama kidogo, akalainisha sauti kama mtu anayetoa pipi. "Petit, ni wewe unakojoaka hapa, eeh? Sema tu. Sitakupiga."

Na Ganza, ambaye hajawahi kukojoa ukuta wowote tangu azaliwe, alitazama viatu vya yule mtu, akasema, "Ni mimi."

Hapo nikaishiwa subira. Nilikuwa nimemvumilia mtu huyu kwa mlango usiofungika, kwa choo kinachoziba, kwa simu zisizopokelewa. Lakini mwanangu alikuwa amekiri kosa ambalo hakulifanya, kwa sauti ndogo ya adabu, na mimi naijua sauti hiyo. Naijua kwa sababu ilishawahi kutoka kwenye koo langu.

"Piga magoti," nilimwambia. "Nusa. Una mke, umelea watoto, unajua namna mkojo unanuka. Nusa, uniambie."

"Mama Ganza, tuheshimiane."

"Nusa kwanza, heshima itafuata."

Hakunusa. Alisema atatuma mtu apake rangi, na kwamba kama siwezi kumlea mtoto kwa usafi, wanaoitaka nyumba hiyo ni wengi. Akaondoka. Mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kunisaidia na mtoto, alikuwa amekaa kwenye mlango wa jikoni akichambua maharage. Muda wote ule hakuinua kichwa. Nililiona hilo, nikaliweka.

Kisha nikapiga magoti mimi. Nikasogeza pua kwenye plinti, nikavuta. Chokaa iliyolowa. Ubao uliolowa. Jiwe la volkano, lile jeusi lenye matundu, ambalo likinywa maji linanuka kama chuma cha baridi. Nilikuwa sijainusa harufu hiyo tangu utotoni, na bado mwili wangu uliijua kabla ya kichwa. Nilitaka kuomba msamaha, na sikujua namwomba nani.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunaishi karibu na barieri ndogo ya mpakani, pale ambapo wanawake huvuka kwenda Goma asubuhi na vikapu vyao na kurudi mchana. Nyumba ilikuwa moja yenye milango miwili. Upande mmoja alikaa mwenyewe, Muzee Karoli, na mkewe. Upande wa pili tulikaa sisi, Mama, mdogo wangu ambaye bado alikuwa anabebwa mgongoni, na mimi. Baba alikuwa hayupo tena. Sielezi zaidi. Watu wa umri wangu wa huku mnajua, kila nyumba ya miaka ile ilikuwa na mtu wake ambaye hatarudi.

Nyumba zilikuwa hazipatikani. Watu walikuwa wamerudi kutoka Uganda, kutoka Tanzania, kutoka ng'ambo ya mpaka, na kila chumba chenye paa kilikuwa na watu wanaokisubiri mlangoni. Mama aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akizipeleka jikoni kwenye majumba makubwa ya ufukweni. Alikuwa mjane asiye na kaka, na Muzee Karoli alilijua hilo vizuri.

Mimi nililala kwenye mkeka sakafuni, kando ya ukuta uliotutenganisha na upande wa Muzee. Doa lilianzia hapo. Kwanza lilikuwa kama kiganja, baadaye kama sufuria, baadaye lilifika usawa wa kiuno changu. Muzee Karoli alikuja kuliona, mikono nyuma, kama daktari.

"Mama Solange, mutoto wako anaharibu ukuta yangu."

"Muzee, mukeka yake inaamuka mukavu."

"Njo ubaya wake huo. Anaamuka, anakojoa ukuta, anarudia kulala. Asubuhi hajui kitu. Niliona vile kwa mutoto wa ndugu yangu."

Basi. Maneno hayo yalitosha. Mtu mwenye nyumba akisema, unaangalia unachokiona kwa macho yake. Leo nikiwa mama naweza kusema kuwa mtu yeyote aliyewahi kufua nepi angejua kwa pua tu. Mama alikuwa amefua nepi zangu na alikuwa anafua za mdogo wangu. Pua alikuwa nayo. Nyumba ndiyo hakuwa nayo.

Kwetu mtoto anayekojoa kitandani aliaibishwa ili apone. Alitwishwa mkeka wake kichwani, akaupeleka mwenyewe barabarani kuuanika juu ya uzio wa mawe, saa ile ile watoto wa mtaa walipokuwa wakienda bombani na madumu. Muzee Karoli alisema nami nifanyiwe hivyo, na kila asubuhi alisimama mlangoni kuhakikisha. Nikawa nabeba mkeka kichwani mbele ya watoto wanaoimba. Mkeka ulikuwa mkavu. Naliandika waziwazi kwa kuwa wakati ule hakuna aliyelisema: mkeka ulikuwa mkavu. Msichana mmoja, mkubwa kidogo kuliko mimi, aliwahi kuugusa pale uzioni.

"Mbona haikulowa?" aliuliza.

"Imekaushwa na jua," mwenzake akamjibu.

Jua lilikuwa halijavuka hata mlima. Wakacheka, wakaendelea kuimba.

Na mimi niliamini. Ndilo jambo ambalo siwezi kulisamehe. Niliamini kwamba ndani yangu kuna msichana mwingine, mwenye miguu yangu, ambaye mimi nikilala yeye anaamka. Sikuwa na hasira naye. Nilimwogopa kwa kuwa alinijua na mimi simjui. Mchana nilikataa maji. Midomo ilipasuka, mwalimu akauliza kama nyumbani kuna chakula. Kabla ya kulala nilijifunga mguu kwa kipande cha kitenge kwenye mguu wa meza, ili yule mwingine akiamka asifike mbali. Asubuhi kitenge kilikuwa kimefungwa vilevile, na doa limeongezeka. Nikaona basi yeye ni mjanja, anajua kufungua na kufunga.

Muzee Karoli akasema mvua zikiisha anataka ukuta wake kama alivyotupa, la sivyo tutafute pengine. Ndipo Mama alipopata wazo la plinti.

Aliiona kwenye nyumba moja ya ufukweni. Siku mabwana wa nyumba hawakuwepo, mpishi alimruhusu aingie hadi chumba cha kulia, na Mama akapiga magoti pale na kitenge chake chenye harufu ya samaki, akachunguza pembe ya chumba jinsi mbao mbili zinavyokutana. Mpishi alimwuliza amepoteza nini. Mama akasema, "Naangalia tu namna banafichaka ukuta."

Alirudi amechangamka. Hakuwahi kushika msumeno maishani. Seremala wa sokoni alimpa mbao za mikaratusi, akamwazima msumeno na nyundo, akamtania mbele ya watu.

"Mama Solange, unatengeneza boti ufuate samaki mwenyewe?"

"Hapana. Naenda kuvalisha nyumba viatu."

Watu walicheka, na mimi nilicheka nao, lakini nilipofika nyumbani sikuwa nacheka tena. Mtu anavaa viatu ili asikanyage uchafu. Nilielewa kwamba nyumba inavalishwa viatu kwa ajili yangu.

Kazi yenyewe naikumbuka kuliko sikukuu zangu zote. Hatukuwa na mita. Mama alipima kwa kamba ya mgomba, mimi nikishika ncha moja kwenye pembe huku nimeibana kwa dole gumba, yeye akitembea kwa magoti hadi pembe ya pili na kupiga fundo. Kamba ya mgomba ikikauka inajikunja, na hilo hatukulijua. Ubao wa kwanza ulitoka mfupi. Akakata mwingine akiuongezea kidogo, ukatoka mrefu, akaupiga kwa nyundo uingie kwa nguvu, ukapinda katikati. Sakafu nayo haikuwa sawa. Ubao ukigusa huku, kule unaacha nafasi panya apite bila kuinama.

Pembe ndizo zilimtoa jasho. Alijua zinakatwa mshazari ili mbao mbili zibusiane, lakini alizikata zote mshazari upande mmoja, na zilipokutana zikapeana mgongo. Alikaa chini akazitazama muda mrefu. Akazigeuza juu chini. Akajaribu kuziweka zikiwa zimelala. Kisha alichukua viazi viwili, akavikata kwa kisu, akavigeuzageuza mezani mpaka alipoelewa. Viazi vile tulivila jioni, vimekatwa pembe za ajabu.

Misumari ilikataa. Jiwe la volkano halipokei msumari, linaupinda na kukurudishia usoni. Dole gumba la Mama liligeuka jeusi na kucha ikadondoka. Mwishowe alipapasa ukuta kwa ncha ya kisu akitafuta chokaa kati ya jiwe na jiwe, akachimba tundu, akapigilia kijiti cha mbao, ndipo akapigilia msumari juu ya kijiti. Mahali palipobaki wazi alijaza unga wa msumeno uliokorogwa na uji mzito wa muhogo. Ilikauka vizuri, ngumu, nzuri kabisa, na panya wakaila ndani ya siku chache.

Mke wa Muzee Karoli alikuja kusimama mlangoni, ameegemea, mswaki mdomoni.

"Mama Solange, mwanamuke anapigaka nyundo kwenye nyumba? Kwetu mwanamuke hapandi juu ya nyumba. Ni kirazira, ni mwiko."

"Siko juu," Mama alisema, misumari midomoni. "Niko chini kabisa, unaniona."

"Na nani atakuoa vile, na msumeno?"

"Aliyenioa hakuwa na msumeno. Njo sababu minajifunza."

Nilimpenda Mama siku ile kwa namna ambayo inaniuma hadi leo, kwa sababu najua kilichofuata. Tulipaka rangi nyeusi pamoja, mimi na brashi ndogo, tumelala kwa matumbo sakafuni. Rangi iliingia kwenye nywele zangu. Chumba kilipoisha kilionekana kama cha watu wengine. Doa lilikuwa bado linachungulia juu ya ubao, lakini Mama alilisugua, akalipaka chokaa, likapotea. Muzee Karoli alipita, akaguna, akasema, "Bon." Tulilala tukiwa tumeshinda.

Lakini sisi sakafu tuliiosha kama kila mtu anavyoosha huku: ndoo nzima ya maji inamwagwa katikati ya chumba, unasugua, kisha unasukuma maji hadi nje kwa rakleti, ile fimbo yenye ulimi wa mpira. Bila ndoo nyumba haijaoshwa. Mama aliendelea hivyo hivyo, na mbao zikanywa. Mikaratusi ilikuwa bado mbichi, ikavimba pande zote nne. Alipogundua, alijipiga paji la uso.

"Kule hawamwagi maji. Kule banapaka sira, ile nta ya kung'arisha, banasugua. Mi niliangalia ukuta tu, sikuangalia sakafu."

Akaacha ndoo. Tukaanza kupangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa, kwa magoti, na jirani wakasema tumekuwa wavivu. Mbao za pande tatu zikatulia, zikarudi mahali pake. Ule wa upande wangu ukaendelea kuvimba. Mchana tukiwa tunakula ulitoa sauti, kama mtu anayevunja kidole, na msumari mmoja ukatoka ukutani wenyewe.

Mama aliweka kijiko. Mara ya kwanza tangu maneno yale yaanze, na yeye alinitazama kwa macho ya Muzee. Kabla ya hapo aliniachia tu nitembezwe na mkeka. Hakuwa amewahi kuniuliza.

"Solange. Niambie ukweli. Ni wewe? Sitakupiga."

Ningejibu nini? Ndoo tumeziacha. Mvua hainyeshi ndani. Mbao nyingine zimetulia. Mama yangu, aliyetoboka vidole kwa ajili ya ukuta ule, ananiuliza kwa upole, na mlango wa kumridhisha uko wazi mbele yangu.

"Ni mimi," nikasema.

Hakunipiga. Alinifungia nguo, akanipeleka Nyakiriba kwa bibi, kule kwenye mashamba ya viazi, nikae mpaka nipone. Bibi hakuwa mtu wa maneno. Alinipa majani machungu asubuhi na jioni, akanilaza kando ya ukuta wa udongo. Kila asubuhi ukuta ulikuwa mkavu. Bibi akasema dawa imekubali, na mimi nikaamini tena, kama nilivyokuwa nimeamini mwanzo.

Niliporudi shule zilipofunguliwa, plinti ya upande wangu haikuwepo. Ukuta ulikuwa umekwanguliwa na kupigwa mstari wa rangi nyeusi badala ya ubao. Doa halikurudi. Mkeka haukupelekwa tena uzioni. Hakuna aliyesema chochote. Mama alinipa chai yenye maziwa mengi, akatoka kwenda ziwani. Nikahesabu kwamba nimepona. Mtaani, ndiyo, niliendelea kuitwa jina la kikojozi mpaka tulipohama, lakini nililiona ni halali yangu, kama mtu aliyewahi kuiba.

Aliyepona huogopa kurudiwa. Sikulala kwa rafiki hata mara moja. Nilipopata nafasi ya sekondari ya bweni nilikwenda na kipande cha plastiki, nikakitandika chini ya shuka, na kila nikigeuka kilipiga kelele na wenzangu wakajua. Nililala juu ya plastiki miaka yote ya sekondari. Mume wangu alinioa na plastiki yangu, naye ni mtu mwema, alidhani ni desturi ya kwetu.

Sasa rudini sebuleni kwangu, mimi nimepiga magoti mbele ya plinti ya mtu mwingine, na Mama anachambua maharage.

"Ing'oe," alisema.

Sikumwelewa. Aliweka ungo chini, akanyanyuka kwa shida, akaniletea panga la jikoni. "Usiangalie mbele. Ing'oe, uangalie nyuma."

Nilisukuma panga kati ya ubao na ukuta, nikavuta. Ukatoka kwa urahisi, wote mzima, ukanidondokea mapajani. Upande wa mbele, upande ambao mtoto angeukojolea, ulikuwa mkavu chini ya rangi. Upande wa nyuma ulikuwa mweusi, laini kama mkate uliolowekwa, na ukutani maji yalikuwa yanatoka kwenye matundu ya jiwe, tone baada ya tone. Ng'ambo ya ukuta ule ni bafu la wapangaji wengine wa mtu yule yule. Bomba lake lilikuwa limepasuka ndani.

"Hata ile ingine ilikuwa vile," Mama alisema.

"Ingine gani?"

"Ile ya kwa Karoli. Niliing'oa wakati ulikuwa Nyakiriba. Wewe hukuwepo na ubao ulivimba tu. Njo nikaing'oa. Nyuma ilikuwa maji. Kwake waliweka mapipa ya maji kwenye ukuta, chini yalikuwa yametoboka."

Nilimsikia vizuri. Hata hivyo nilimwomba arudie, naye akarudia, bila kupunguza kitu.

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia. Nilimuonyesha ubao. Akasema, Mama Solange, mapipa nitatoa. Lakini maneno usitoe. Batu bameshajua ni mutoto, wacha ibakie mutoto. Ukisema ni mimi, kesho utafute kwa kulala."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema ndiyo, Muzee."

Ganza alikuwa ameketi kwenye kiti chake akitupa maharage sakafuni moja moja. Nilitaka kupiga kelele lakini sikutaka aogope.

"Na mimi? Mi hukuniambia hata nilipomaliza shule? Hata nilipoolewa? Mama, nililala juu ya plastiki miaka yote ya sekondari."

"Najua," alisema. "Mi njo nilikuwa naikunja kwenye valizi yako."

Aliikunja. Kila mwanzo wa muhula aliipangusa, akaikunja, akaiweka sandukuni chini ya sare, akijua. Nilitaka kumchukia, na nilimchukia, kwa muda wa kutosha kuosha ungo na vikombe vyote. Nyumba tulibaki nayo kwa kuchafua jina langu. Tulilala mahali pakavu, tulikula, nilisoma, na kodi ya kweli niliilipa mimi, mtoto, bila kuulizwa. Niliyasema yote hayo huku nikimpa mgongo. Hakujitetea. Alisema tu, "Usimuache huyu."

Alimaanisha Ganza.

Jumanne mchana ndipo watu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, hukutana, kila mwenye shida anasimama na kuisema mbele ya wote, na karani anaiandika. Nilikuwa navaa viatu nilipomwona Mama anakunja kitenge kuwa ngata. Aliiweka kichwani, akainua ule ubao uliooza, akajitwisha.

"Mama, nitabeba mimi. Maji yanakudondokea hadi shingoni."

"Wacha."

Alitangulia. Nilimfuata nimemshika Ganza mkono. Alipita katikati ya barabara, mchana kweupe, mbele ya maduka, mbele ya wale vijana wa baiskeli, mgongo umenyooka kama enzi za samaki, na maji meusi yanamtiririkia kwenye blauzi.

"Mukecuru, bibi yetu, unauza mbao?" mmoja aliuliza.

"Siuzi," alisema. "Naanika."

Mwenye nyumba alikuwepo, amekaa mbele kwenye viti vya plastiki pamoja na wakubwa. Zamu yangu ilipofika, Mama aliutua ubao miguuni pa mkuu wa mudugudu, upande wa nyuma ukiwa juu. Niligusa upande mkavu, nikagusa upande uliooza, nikaeleza bafu liko wapi. Haikuchukua muda. Kila aliyekuwa pale amewahi kuishi ndani ya jiwe lile.

"Donc unataka atengeneze ukuta," mkuu alisema, akimgeukia karani.

"Ukuta atautengeneza, hiyo ni kazi yake. Mi sikuja juu ya ukuta."

"Sasa unashitaki nini?"

Nilikuwa nimejiandaa na maneno marefu. Yote yaliniruka. Nikamwambia karani aandike kama ninavyosema, naye akaandika.

"Nashitaki kwamba mtu huyu alikuja nyumbani kwangu, akamuuliza mtoto wangu kwa sauti tamu mpaka mtoto akakubali kosa la bomba. Naomba arudi mbele ya mtoto huyo, si mbele yangu, apige magoti wawe sawa macho kwa macho, amwambie: haukuwa wewe. Aseme kwa sauti majirani wasikie, kwa kuwa na lile la kumsingizia alilisema kwa sauti."

Mwenye nyumba alicheka akitazama huku na huku, na hakuna aliyecheka naye. Karani aliuliza jina la mtoto aliyesingiziwa.

"Ganza," nikasema.

"Na Solange," Mama alisema nyuma yangu. Alikuwa bado ameshika ile ngata iliyolowa mkononi. "Andika na Solange. Yeye hakukojoa ukuta. Mi niliona, nikanyamaza."

Karani alinitazama, akamtazama yeye. Alikuwa kijana, hakujua historia ya mtu yeyote. Aliuliza huyo Solange ana umri gani.

"Myaka munane," Mama alisema. "Andika munane."